Umbo Kwanza: Tuliyojifunza Tukiunda Rundo la Seli za Oksidi Yabisi Mombasa

Vijana wanaoniuliza waanzie wapi na seli za fueli za oksidi yabisi, yaani kauri zinazogeuza gesi kuwa umeme, huja na maswali ya kemia. Nikeli kiasi gani, itria asilimia ngapi, kathodi ya aina ipi. Mimi huwauliza mambo mawili: gesi yako utaizuia wapi isivuje, na tanuri lako litapanda joto kwa kasi gani? Majibu yake ndiyo yanayochagua umbo la seli, na umbo likishachaguliwa, karibu kila kitu kingine kinalifuata. Sisi tuliyajua haya baada ya kuvunja vitu vya thamani katika karakana ndogo huku Jomvu. Ninayaandika ili pesa zilizotutoka zimfae na mwingine.

Tulikuwa wahitimu wachache wa uhandisi pamoja na maalim mmoja mstaafu aliyetuongoza. Nia yetu ilikuwa rundo dogo, yaani seli kadhaa zilizounganishwa pamoja, la wati mia chache, liendeshwe kwanza kwa haidrojeni ya mtungi, kisha kwa gesi ya samadi na taka. Ukiishi Mombasa hoja hii haihitaji kufafanuliwa. Stima ikipotea, kila duka la Kongowea linawasha jenereta ya petroli, na jenereta ndogo kama hizo hupoteza sehemu kubwa ya mafuta kama joto na kelele. Seli ya oksidi yabisi inaweza kugeuza nusu ya nishati ya gesi, hata asilimia 60, kuwa umeme bila pistoni wala kelele. Nilipoyaelewa hayo mara ya kwanza sikulala vizuri kwa furaha.

Kwa ufupi, seli hii ni tabaka tatu za kauri. Kathodi huchukua oksijeni ya hewa na kuigeuza ioni. Elektroliti, ambayo kwa kawaida ni zirkonia iliyotiwa itria, hupitisha ioni hizo lakini haipitishi elektroni. Upande wa anodi, iliyotengenezwa kwa nikeli na zirkonia, oksijeni hukutana na haidrojeni, mvuke wa maji hutoka, na elektroni hulazimika kupita nje kwenye waya. Huo ndio umeme. Zirkonia haipitishi ioni za kutosha mpaka iwe moto sana, ndiyo maana seli hizi huendeshwa kati ya nyuzijoto 600 na 1,000. Emil Baur na Hans Preis walionyesha kule Uswisi mwaka 1937 kwamba seli ya kauri inaweza kufanya kazi katika nyuzijoto 1,000. Miongo mingi iliyofuata watu wamekuwa wakipambana na matokeo ya joto hilo.

Seli moja hutoa volti 0.7 au 0.8 tu inapofanya kazi, kwa hiyo sharti uziunge nyingi kwa mfululizo. Hapo ndipo suala la umbo linapoingia.

Njia ya kwanza ni mirija. Kampuni ya Westinghouse ya Marekani ilishikilia njia hii kwa miaka mingi: mrija wa kipenyo cha sentimita 2.2 na urefu wa mita moja na nusu, umefungwa upande mmoja, hewa inapita ndani na gesi nje. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji sili, yaani kizibo cha kuzuia gesi isivuje, katika sehemu ya moto. Ncha moja imeziba yenyewe, na kwenye ncha iliyo wazi gesi iliyobaki huachwa ikutane na hewa iungue, joto lake likatumika kupasha hewa inayoingia. Ubaya wake ni umeme kusafiri mbali ukizunguka mzingo wa mrija kabla ya kufika kwenye ukanda wa kuunganishia, kwa hiyo ukinzani unakuwa mkubwa na nguvu kwa kila lita ya nafasi inakuwa ndogo.

Njia ya pili ni bamba. Seli ni mraba mwembamba, juu yake bamba la kuunganishia lenye mifereji, halafu seli nyingine, na kuendelea. Umeme hupita wima, umbali wa milimita chache tu. Seli ya sentimita 10 kwa 10, ukitoa kingo, hubakiwa na eneo la kazi la sentimita 81 za mraba. Ukiivuta nusu ampea kwa kila sentimita ya mraba unapata ampea 40, na kwa volti 0.75 ni wati 30. Seli kumi ni wati 300. Tulipiga hesabu hiyo ubaoni, macho yakatung'aa, tukachagua bamba siku hiyo hiyo.

Ubao haukutuonyesha kwamba bamba lina kingo nne, na kila ukingo ni mahali pa kuvuja.

Ipo pia njia ya kati, mirija iliyobanwa ikawa bapa, ambayo Wajapani wameitumia katika mitambo ya nyumbani ya wati 700. Na ipo mirija midogo sana ya milimita chache, ambayo Kevin Kendall na wenzake kule Uingereza waliionyesha miaka ya 1990 kwamba inaweza kupashwa moto kwa haraka bila kupasuka. Kwa anayeanza bila fedha nyingi, mirija hiyo midogo ndiyo ningemshauri. Unaweza kuziba ncha zake nje ya tanuri, pasipo na moto, kwa silikoni ya kawaida ya kuvumilia joto. Faida hiyo peke yake ingetuokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote la bei.

Baada ya umbo, unachagua tabaka gani libebe uzito. Elektroliti ikibeba, lazima iwe nene, mikroni 100 hadi 200 (mikroni elfu moja ni milimita moja), na kwa unene huo inahitaji joto la 850 au zaidi. Anodi ikibeba, elektroliti inaweza kuwa mikroni 10 tu, na seli inafanya kazi vizuri katika 700 au 750. Ceres Power ya Uingereza wamekwenda mbali zaidi: chuma ndicho kinachobeba, elektroliti ni kauri ya seria yenye gadolini badala ya zirkonia, na joto linashuka hadi karibu 600. Sisi tulinunua zinazobebwa na anodi kwa sababu tanuri letu halikupenda kwenda juu ya 800. Sababu ni nzuri, ila kuna deni lake nitakalolieleza mbele.

Seli zilikuja kwa ndege, na baadhi zilifika zimepasuka. Kauri ya unene wa nusu milimita haisamehe ikiangushwa. Agiza zaidi ya unazohitaji, kwa uchache robo zaidi, na umwombe muuzaji azipange zikiwa zimelala, kila moja kati ya sifongo mbili. Zitafika na rangi ya kijani upande wa anodi. Usishtuke, hiyo ni oksidi ya nikeli. Itakuwa nikeli ya kijivu utakapoipitishia haidrojeni katika joto. Ikumbuke rangi hiyo, maana itakuja kukupa habari.

Mabamba ya kuunganishia ndiyo yaliyotuumiza kwanza. Zamani yalitengenezwa kwa kauri, kromiti ya lanthani, ghali na ngumu kuchonga. Joto liliposhuka chini ya 800, watu wakahamia chuma cha pua. Tulinunua stenli mjini, nzuri, inayong'aa, tukaenda kwa fundi wa Changamwe atuchongee mifereji. Aliigeuza mkononi, akaniuliza itafanya kazi katika joto gani. Nilipomwambia, alitikisa kichwa.

"Binti yangu, hii ni stenli ya masinki na masufuria. Ukiichoma sana inapinda, nimeiona."

Alivuta sumaku kutoka kwenye droo akaiweka juu. Haikushika.

"Basi tufanyeje, ami? Seli tumeshanunua."

"Tafuteni inayoshika sumaku. Hiyo hutulia kwenye moto."

Alikuwa sahihi kuliko alivyodai. Zirkonia hupanuka kiasi cha sehemu 10.5 kwa milioni kwa kila digrii moja. Stenli isiyoshika sumaku, ile ya daraja 304, hupanuka karibu sehemu 18. Kwa upana wa sentimita 10 na kupanda kwa nyuzijoto 700, kauri inaongezeka takriban milimita 0.7 na chuma zaidi ya milimita 1.2. Tofauti ya nusu milimita inatosha kabisa kuvunja kauri iliyogandishwa kwenye chuma hicho. Stenli ya feriti, inayoshika sumaku, hukaribia sana zirkonia, kati ya 11 na 12. Viwandani hutumia aina maalumu kama Crofer 22 APU yenye kromiamu kama asilimia 22. Sisi tulipata daraja 430, ambayo kwa majaribio mafupi inatosha. Ingia dukani na sumaku mfukoni. Haikwambii kila kitu, lakini inakuokoa na kosa lililo kubwa kuliko yote.

Hiyo kromiamu nayo ina tabia yake. Katika joto hutoka kwenye chuma kama mvuke, ikaenda kutua kwenye kathodi na kuziba sehemu zinazofanya kazi. Unyevu wa hewa huongeza uvukizi huo, na hewa ya Mombasa ni nyevu mwaka mzima. Kwa hiyo msipulize hewa ya nje moja kwa moja kwenye kathodi kama wanavyofanya watu wa maabara zenye viyoyozi. Sisi tulipitisha hewa kwenye chombo cha jeli ya silika, ile inayobadilika rangi ikilowa, na mbele yake kichujio cha kuzuia chumvi na vumbi. Tulipaka pia upande wa hewa wa mabamba kinga ya kobalti na manganizi. Vitu hivi viwili havikugharimu sana.

Kuhusu mwelekeo wa gesi na hewa, kuna njia tatu: kwenda pamoja, kupishana uso kwa uso, au kukata msalaba. Zikienda pamoja, joto husambaa kwa utaratibu zaidi, kauri inafurahi. Zikipishana, matumizi ya gesi ni mazuri lakini sehemu fulani inaweza kuwa moto kuliko nyingine. Zikikata msalaba, kona moja hubeba joto zaidi ya nyingine, ila ujenzi ni rahisi kwa sababu kila upande wa rundo una kazi moja tu: huku gesi inaingia, kule inatoka, hapa hewa inaingia, pale inatoka. Tulichagua msalaba, na sijutii. Kwa rundo dogo lililo ndani ya tanuri, tanuri lenyewe linasawazisha joto, na urahisi wa kuziba una thamani kubwa kuliko ufanisi kidogo unaopotea. Kwa rundo la kilowati linalojipasha lenyewe ningefikiri upya.

Sasa sili. Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo miradi mingi hufia.

Kuna sili ya glasi na sili ya kubana. Ya glasi ni unga uliofanywa ujiuji, unapakwa kwenye kingo, unayeyuka kidogo katika joto la juu, unashika, kisha unageuka nusu fuwele. Ikishika vizuri haivuji kabisa. Lakini imegandisha kauri na chuma pamoja, kwa hiyo ukipoza haraka au ukipasha haraka, kitu kitapasuka. Ya kubana ni karatasi ya maika iliyokandamizwa kwa uzito kutoka juu. Inavuja kidogo siku zote, lakini inaruhusu vitu kuteleza, na ukipoza rundo unaweza kulifungua.

Maika tuliipata kwa mafundi wa kusuka upya mota na kutengeneza pasi, jambo lililonifurahisha mno, kwa kuwa nilidhani lazima tuagize ng'ambo. Kuweni makini na mambo mawili. Karatasi nyingi za maika zimegandishwa kwa gundi ambayo itafuka moshi na kuungua, kwa hiyo zichomeni peke yake kwanza, nje ya rundo. Na kuna maika nyeupe, moskoviti, ambayo huanza kupoteza maji yake na kulegea kwenye joto tunalofanyia kazi. Ya kahawia, flogopiti, huvumilia zaidi. Muulize fundi akuonyeshe zote mbili, utaona tofauti kwa macho.

Namna ya kujua sili inafanya kazi haihitaji mashine ya bei. Pima volti ya seli bila kuvuta umeme. Katika nyuzijoto 800, haidrojeni iliyopitishwa kwenye maji ya joto la 25 hubeba mvuke asilimia 3 hivi, na seli isiyovuja inapaswa kuonyesha karibu volti 1.10. Hapa kwetu maji ya chumbani yanakaa kwenye 30, mvuke unafika zaidi ya asilimia 4, na volti sahihi inashuka hadi 1.085 hivi. Tulitafuta uvujaji ambao haukuwepo mpaka maalim alipochukua kipimajoto akakitia ndani ya chupa ya maji. Lakini ukiona 0.95 au chini, usijidanganye kwa hali ya hewa. Gesi inavuja, au kauri ina ufa.

Wekeni waya wa kupimia kwenye kila seli, si kwenye ncha mbili za rundo peke yake. Seli zikiwa kwenye mfululizo, mkondo ule ule unapita kwenye zote, na seli moja dhaifu inawaburuza wenzake. Ukiangalia jumla utaona volti imepungua kidogo. Ukiangalia moja moja utaona ya nne iko hoi na nyingine nzima. Kwetu ilikuwa ya chini kabisa, iliyo karibu na sahani ya msingi iliyokuwa baridi kidogo. Tuliweka kauri ya kuzuia joto lisitoroke chini yake, ikapata nafuu.

Siku iliyoniuma ilikuwa ya stima.

Rundo la bamba tulilipasha kwa digrii moja kwa dakika. Kutoka joto la chumba hadi 800 ni karibu saa 13, na kushuka vivyo hivyo. Katika jiji hili, kutegemea stima isikatike muda wote huo ni kujitafutia msiba. Ilikatika tukiwa juu, volti zote nzuri, nikiwa nimeshampigia mamangu simu kumwambia inafanya kazi. Tanuri likazima. Vali za umeme za gesi zikafunga zenyewe, kama zilivyoundwa kufanya. Haidrojeni ikakoma kufika, hewa ikaanza kupenya upande wa anodi kauri ikiwa bado moto. Nikeli ikirudi kuwa oksidi hujaa kwa takriban asilimia 70 ya ujazo wake. Anodi ndiyo iliyobeba seli nzima, kwa hiyo ilipovimba elektroliti nyembamba juu yake ikachanika. Hilo ndilo deni la seli zinazobebwa na anodi. Zinazobebwa na elektroliti huvumilia tukio kama hilo kwa kiasi.

Tulipofungua rundo lilipopoa, kingo za anodi zilikuwa kijani tena, na katikati kijivu. Rangi ilitueleza hewa iliingilia wapi na ilifika wapi. Nilikaa chini nikalia. Maalim hakuninyamazisha, alileta chai akakaa nami.

Dawa yake haikuwa jenereta kubwa. Tuliweka mtungi wa naitrojeni yenye haidrojeni asilimia 5, mchanganyiko usioshika moto kirahisi, na vali ya aina iliyo kinyume: umeme unaishikilia imefungwa, umeme ukikatika inafunguka yenyewe, na gesi inatiririka kwa msukumo wa mtungi hadi rundo lishuke chini ya nyuzijoto 400. Bei yake ni ndogo kuliko seli mbili. Iwekeni kabla ya kupasha kitu chochote.

Na kwa kuwa nimeitaja haidrojeni: huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na ndimi zake hazionekani mchana. Watu huogopa uvujaji ndani ya tanuri la moto, lakini humo huungua papo hapo ikitoka. Hatari zaidi ni tanuri likiwa baridi, gesi inajikusanya kimya ikisubiri cheche. Safisheni mabomba kwa naitrojeni kwanza, fungueni madirisha, na bomba la kutolea lipande juu ya paa. Mkitumia gesi ya samadi, kifaa cha kugundua monoksidi ya kaboni kiwepo ukutani.

Fedha zilikwenda wapi? Sehemu kubwa zilimezwa na vitu vinavyozunguka seli: tanuri, vidhibiti vya mtiririko wa gesi, mitungi na amana zake, usafirishaji. Seli zenyewe zilikuwa sehemu ndogo kuliko tulivyokisia. Anayeandika bajeti aanze na hivyo vya pembeni. Na asinunue seli kumi kwa mpigo. Seli moja katika kishikio chake, kisha tatu, kisha kumi. Tatu ndicho kiwango cha chini kitakachokuonyesha tabia ya rundo, kwa kuwa ya kati pekee ndiyo yenye jirani pande zote mbili.

Sasa tuko kwenye rundo la seli tatu zenye sili ya maika, limepashwa na kupozwa mara kadhaa na bado volti zake zinasimama. Kazi iliyo mezani ni gesi ya taka za soko. Methani yenyewe haitishi, nikeli inaweza kuivunja kwa mvuke humo humo ndani ya seli, mradi mvuke uwe wa kutosha, la sivyo kaboni hujenga masizi kwenye anodi. Kinachosumbua ni salfa. Hata sehemu moja kwa milioni ya haidrojeni salfidi, gesi inayobeba salfa hiyo, hupunguza nguvu ya nikeli. Kichujio cha kwanza tumekijaza vipande vyembamba vya chuma vinavyokwanguliwa na mafundi wa mashine za kukereza, tulivyoviacha nje vikaota kutu, kwa kuwa kutu hushika salfa, na hewa ya bahari ilitufanyia kazi hiyo bila malipo. Kikigeuka cheusi hubadilishwa. Nyuma yake tunaweka oksidi ya zinki iliyopashwa hadi nyuzijoto 350 ili kushika salfa inayoponyoka. Mwenye uzoefu wa kupima salfa kwa viwango vidogo namna hiyo bila mashine ya maabara kubwa, tafadhali tuandikie, hapo ndipo tulipokwama.